Uso wa Kwenye Pasipoti

Siku ya tatu ya safari, Binti aliamka ndani ya gari akakuta dunia imefutika. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani kama maziwa yaliyomwagika, ukameza malori, ukameza miti, ukameza hata vioo vya pembeni. Vilivyobaki kuonekana ni mgongo wa Baba kwenye usukani na kichwa cha Bibi, mama yake Baba, kikiyumba taratibu kama cha mtu anayekubaliana na mawazo yake mwenyewe. Gari lilikuwa limesimama. Mahali fulani ndani ya weupe ule palikuwa na mpaka. Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa nne, palikuwa na bahari. Na baharini kilikuwepo kisiwa alichozaliwa Mama.

"Tumefika?" aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Tumefika kwenye foleni," alijibu Baba.

Mama hakuwa amelala. Alikuwa ameegemeza shavu lake la kushoto kwenye kioo, macho yakitazama nje kana kwamba ukungu ule ni barua na yeye ndiye aliyeandikiwa.

"Mnasikia harufu ya chumvi?" alisema.

"Chumvi iko saa nne kutoka hapa, mkamwana," Bibi akasema bila kufungua macho. "Unachonusa ni mayai yangu ya kuchemsha."

Wakacheka, hata Mama, ila kicheko chake kilikuja kimechelewa, kama sauti inayotoka ng'ambo ya mto.

Walikuwa watu wa picha, kizazi hadi kizazi. Baba alikuwa mpigapicha, mwana wa mpigapicha. Bibi ndiye aliyekuwa akiwapanga wateja kwenye kigoda, na mpaka leo hakuweza kuzungumza na mtu bila kumwinua kidevu kwa ncha ya kidole. Mama alizisafisha picha katika chumba cha giza kwa miaka mingi, hadi dawa zikamlamba ncha za vidole zikawa laini kama kokoto za mtoni. Binti, ambaye sasa alikuwa chuo kikuu na alirudi nyumbani kila likizo, alirithi kompyuta: kazi yake ilikuwa kurekebisha nyuso, kuondoa chunusi, kupunguza mikunjo, kuyapa macho yaliyochoka nuru ambayo wenyewe hawakuamka nayo. Hata gari walilosafiria lilikuwa la studio. Ubavuni lilitangaza kwa herufi nyekundu: PICHA ZA PASIPOTI, DAKIKA TANO.

Kisiwa, Binti alikijua tangu utotoni, ingawa hakuwahi kukiona. Mama alikuwa akimsimulia ndani ya chumba cha giza, chini ya ile balbu nyekundu, huku karatasi zikielea kwenye beseni na nyuso za watu zikijitokeza polepole kutoka katika utupu. Alimwambia habari za mchanga uliolia chini ya nyayo, za minazi iliyoinamiana kama watu wanaosengenya, za maji ambayo huondoka yote, kisha hurudi bila kuomba radhi. Ndiyo maana kwa Binti kisiwa kilikuwa chekundu. Kilikuwa na harufu ya dawa, na kila kitu ndani yake kilikuwa karibu kuonekana, bado kidogo tu.

Mama aliondoka huko akiwa na umri wa miaka tisa, akachukuliwa na mjomba wake kwenda kusoma bara, na leo na kesho zikazaa miaka thelathini na mitatu. Dada yake mkubwa, ambaye Binti alimwita Mama Mkubwa kwa kumsikia tu, alibaki. Waliongea kwa simu, simu yake ikiwa ya kubonyeza, isiyoonyesha sura. Mwezi mmoja uliopita, Mama Mkubwa alipiga akasema maneno ambayo nyumba nzima iliyabeba tangu siku hiyo:

"Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Ninaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, mdogo wangu, na tundu lenyewe kila wiki linapungua. Njoo nikuone uso. Usingoje."

Hawakungoja. Studio ilifungwa, tangazo likabandikwa mlangoni, na pasipoti nne zikaombwa kwa haraka. Picha za pasipoti hizo, bila shaka, zilipigwa nyumbani.

*

Jua lilipopanda kidogo, ukungu ulianza kuchanika vipande vipande, na mpaka ukajitokeza kama picha kwenye beseni: kwanza mlingoti, kisha boriti ya kizuizi iliyopakwa rangi mbili, kisha jengo refu la bati lenye madirisha matano, mawili kati yake yakiwa wazi. Kwenye dirisha lao alikaa ofisa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, kikombe cha chai kikifuka moshi kando ya muhuri.

Pasipoti ya Baba ilipita. Ya Bibi ilipita, baada ya Bibi kumshauri ofisa anyooshe shingo kwa sababu alikuwa na shingo nzuri na anaiharibu kwa kuinama. Ya Binti ilipita. Ya Mama ikafunguliwa, ikatazamwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Ofisa akavaa miwani.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Hebu geuka huku."

Mama aligeuka. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya miaka ishirini, Binti aliliona kovu la mama yake.

Si kwamba hakuwahi kulitazama. Lilikuwepo daima, likianzia chini ya sikio la kushoto, likifuata taya kama mto wenye vijito vyake, likaishia karibu na kona ya mdomo. Lakini nyumbani kwao halikuhesabiwa kuwa kitu cha kuonekana. Mama aliungua akiwa na miaka sita. Dada yake, aliyekuwa na kumi na miwili, alijikwaa na birika la maji ya chai mkononi. Alipokua, Mama aliingia studio fulani apigwe picha ya kumpelekea dada yake, akamwomba kijana mpigapicha: "Unaweza kuliondoa hili? Sitaki alione akakumbuka." Kijana akakaa usiku kucha na burashi nyembamba kama kope, akaliondoa kijito kwa kijito, na kulipokucha alikuwa amempenda mwenye uso. Tangu hapo kila mwaka picha moja ilivuka kwenda kisiwani, na kila mwaka uso ulikuwa safi. Baba alifuta kwa burashi. Binti alipofika umri wa kushika kazi, alifuta kwa kompyuta. Hakuna aliyemwagiza kila mara. Mkono ulijua, kama unavyojua kufunga mlango nyuma ya mtu.

Na mkono huohuo, mwezi uliopita, ulipokutana na picha ya pasipoti, haukuuliza ni picha ya nini.

"Huyu wa kwenye picha hana kovu," alisema ofisa. "Wewe unalo. Na si dogo."

Binti aliona mambo yote mara moja, kama mtu anayeota huku akijua kwamba anaota: pasipoti mpya, baada ya kosa kama hili, ingechukua miezi mitatu, tundu la ufunguo lisingengoja miezi mitatu, na kidole kilicholifunga kilikuwa chake.

"Weka vidole kwenye mashine," ofisa akasema.

Mama akaweka. Mashine ikawaka kijani, ikafikiri, ikalia. Akaweka tena. Ikalia tena.

"Alama zako za vidole zimekwenda wapi?"

"Zimeishia kwenye dawa za kusafishia picha, mama."

Ofisa aliinua macho polepole, akatazama nje ya dirisha, pale lilipoegeshwa gari lao, na Binti akatamani ukungu urudi.

"Picha za pasipoti, dakika tano," ofisa akasoma kwa sauti. "Na hii ilichukua dakika ngapi?"

Bibi hakuweza kuvumilia. "Mwanangu, huyo ni mkamwana wangu mwaka wa ishirini na mbili huu. Kama si yeye, basi nimegombana na mtu nisiyemjua muda wote huo, na ninataka kuombwa radhi."

"Bibi, kaa kwenye benchi."

"Nakaa. Lakini na wewe inua kidevu."

Mdomo wa ofisa ulitaka kucheka, ukakatazwa. Akamrudia Mama, na sauti yake ikawa ya chini, karibu ya huruma. "Au uliungua baada ya kupiga picha? Ajali hutokea. Sema tu, niandike."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, wazi kabisa. Binti alimwona Baba akivuta pumzi. Alimwona Mama akitazama kaunta. Neno moja tu, tena si la kwao, wamepewa. Wangelichukua na kupita, na mchana wangekuwa majini. Lakini kovu lile lilikuwa kongwe kuliko Binti mwenyewe, limepauka na kulainika kama ngozi ya chini ya ngoma, na mtu yeyote mwenye miwani angejua kwamba halikuzaliwa mwezi uliopita. Zaidi ya hilo, jambo lingine lilimkaba: kwamba wangeanza tena. Wangemfuta Mama mara nyingine, safari hii kwa mdomo.

"Hakuungua juzi," Binti akasema. "Ameungua tangu mtoto. Mimi ndiye niliyelifuta. Ni kazi yangu nyumbani, nafuta kovu la mama yangu kila mwaka, na siku ile nilifuta bila kufikiri. Yeye hana kosa. Wala Baba."

"Binti!" Baba akanong'ona.

"Acha aseme," ofisa akasema. "Unafuta kila mwaka? Kwa nini?"

"Ili dada yake asilione. Yeye ndiye aliyemmwagia maji, kwa bahati mbaya. Ndiye tunayekwenda kwake. Anapoteza macho, mama. Anataka kumwona kabla hajawa kipofu."

Ofisa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Unajua kubadilisha picha ya hati ya serikali ni kosa?"

"Nimejua sasa hivi."

"Chuo wanakufundisha nini?"

"Sheria," Binti akajibu, na Bibi kule kwenye benchi akajifunika uso kwa kanga.

Ofisa akakisogeza kikombe kando. Chai yake ilikuwa imeacha kutoa moshi. Kisha akaivuta barua ya mwaliko iliyokuwa imeambatanishwa na fomu ya Mama, akapitisha kidole hadi kwenye namba ya mwenyeji, akabonyeza simu ya mezani na kuifungulia spika.

"Mtu yeyote asitoe sauti," alisema. "Hata kukohoa. Bibi, umenisikia?"

Simu iliita mara nyingi. Katika mlio ule Binti aliona nyumba asiyoijua, na mwanamke akiitafuta simu kwa kupapasa.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ya Mama kabisa, ila imezeeka na kukauka kidogo juani.

"Ofisi ya uhamiaji hapa mpakani. Unatarajia wageni?"

"Namtarajia mdogo wangu. Amefika? Ni mzima?"

"Tunahakikisha tu. Nitamtambuaje? Ana alama yoyote mwilini?"

Nzi alitembea juu ya muhuri. Binti alizihesabu moyoni zile picha, ishirini na tatu, zote safi, zote zikining'inia katika ukuta fulani kule kisiwani, na akajua kwamba kama Mama Mkubwa ataziamini, safari imeishia hapa. Na kama hataziamini, atalazimika kumwambia mtu baki kitu ambacho kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kumtajia hata nduguye. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ni lazima niseme?" ikauliza sauti.

"Ni lazima."

"Ana kovu. Shavu la kushoto. Linaanzia chini ya sikio, linafuata taya, lina matawi matatu, na tawi la chini linakaribia mdomo. Akicheka linavutika. Alipokuwa mtoto lilikuwa likivutika."

"Una hakika? Picha zake hazilionyeshi."

"Najua hazilionyeshi," sauti ikasema. "Mimi ndiye niliyemmwagia yale maji. Hakuna picha itakayonifundisha lilipo."

Ofisa akashukuru, akakata simu. Akachukua muhuri, akampuliza nzi, akagonga. Mlio ulikuwa mdogo mno kwa jambo kubwa kiasi kile.

"Nakupa siku kumi na nne," alimwambia Mama. "Nimeandika maelezo pembeni na jina langu chini yake, kwa hiyo usiniangushe. Ukirudi kwenu, omba pasipoti yenye uso wako. Na huyu mwanasheria wenu," akamnyooshea Binti kalamu, "asiiguse kompyuta siku hiyo."

*

Baada ya mpaka barabara ilikuwa ileile, lami ileile, jua lilelile, na bado kila kitu kilionekana kimehamishwa kidogo kutoka mahali pake. Baba aliendesha polepole kama mtu anayebeba yai mdomoni. Mashamba yalipita, kisha vichaka, kisha michanga. Hewa ikawa nzito na yenye unyevu, ikaanza kukaa juu ya midomo, na walipoonja waligundua kwamba sasa ile chumvi ilikuwa ya kweli.

Kivuko kilikuwa cha chuma, kipana, kikiunguruma bila haraka. Magari yalipangwa juu yake kama viatu mlangoni. Binti alisimama kwenye ukingo na kungoja bahari imshangaze, lakini bahari haikufanya hivyo. Ilimpokea kama kitu alichokwisha kuota mara nyingi, tofauti ikiwa rangi tu. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kijani kibichi karibu, ya buluu mbali, na pale mbali zaidi mstari mwembamba ulianza kujitokeza, giza kwanza, kisha umbo, kisha minazi. Mama alisimama pembeni yake. Upepo ulimvua mtandio na hakuurudisha.

"Imeinamiana vilevile," alisema. "Nilidhani nilikuwa nakuongopea."

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa ya vyumba viwili, mwisho wa njia ya mchanga, mlango ukiwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani chumba cha mbele, mwembamba, amevaa nguo aliyoipiga pasi vizuri upande mmoja na kuisahau upande wa pili. Ukutani mwake, katika mistari iliyonyooka, zilikuwepo picha zote. Binti aliona kazi ya baba yake na kazi yake mwenyewe zikimtazama, wanawake ishirini na watatu wa mashavu laini, na akaona aibu mbele yao kama mbele ya mahakama.

"Dada," Mama akasema pale mlangoni.

Mama Mkubwa aligeuza kichwa kuelekea kwenye sauti, lakini macho yake yalipita kando, yakarudi, yakamtafuta. "Njoo hapa penye mwanga. Kaa kwenye kiti. Usinikumbatie kwanza, ukinikumbatia nitalia, na nikilia sioni hata kidogo."

Mama akakaa. Na akakaa kama alivyokaa maisha yake yote kwenye kigoda cha studio: bega moja mbele, uso umeelekezwa pembeni, shavu la kulia kwa mtazamaji.

"Geuka," Mama Mkubwa akasema.

"Dada, si lazima."

"Miaka ishirini na mitatu," Mama Mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Kila mwaka nafungua bahasha, naangalia shavu kwanza. Kila mwaka hakuna kitu. Nikasema, mtu hafichi kidonda kilichopona. Nikasema, bado hajanisamehe, ndiyo maana hataki nilione. Nikazitundika zote, ili nisijisahau."

Baba pale mlangoni aliinamisha kichwa, na Binti akaelewa kwamba kila burashi na kila bonyezo la kitufe, vyote kwa mapenzi, vilikuwa vimefika upande huu vikiwa mawe.

"Tulikuwa tunakusitiri wewe," Mama akasema mwishowe. "Wewe, dada. Usije ukaumia. Mimi hata sikumbuki maumivu yake. Nakumbuka ulinipepea mpaka kukakucha."

"Nilikupepea?"

"Kwa kifuniko cha sufuria. Ulikuwa unalala umesimama."

Kikamtoka Mama Mkubwa kicheko kifupi, cha ghafla, kilichomshtua mwenyewe. "Kifuniko cha sufuria! Wala sikumbuki. Nimekumbuka birika tu, miaka yote hiyo, birika, birika."

"Basi geuka, mkamwana, watu wamesafiri siku tatu," Bibi akasema, akapita katikati yao wote, akamwinua Mama kidevu kwa ncha ya kidole na kumgeuza taratibu kuelekea kwa dada yake.

Dirisha lilikuwa upande wa pili, na shavu la kushoto lilibaki kivulini. Binti aliona hilo upesi kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Akavuta shuka nyeupe kutoka kwenye rundo la nguo zilizokunjwa, akasimama kando ya kiti, akaitandaza kwa mikono miwili mpaka jua la dirishani likaigonga na kurudi, na ule mto wenye vijito vyake ukajaa nuru.

Mama Mkubwa alisogea hadi magoti yao yakagusana. Kwa kuwa tundu lake lilikuwa dogo, hakuweza kuuona uso mzima. Ilimbidi ausome kipande kwa kipande, akipeleka kichwa mbele na nyuma, juu na chini, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alianza kwenye paji. Akakaa sana kwenye nyusi. Hakuna aliyemharakisha. Nje maji yalikuwa yameanza kuondoka ufukweni, na kimya chake kiliingia mpaka ndani.

Mikono ya Binti ilianza kuwaka moto mabegani. Shuka ikatetemeka, nuru ikatetemeka nayo shavuni mwa Mama. Baba akanyoosha mkono apokee. Binti akakataa kwa kutikisa kichwa.

"Bado?" Bibi akauliza, akiwa amekwisha kujipatia sehemu ya kukaa kitandani.

"Bado," akasema Mama Mkubwa, bila kuinua macho. "Ndiyo kwanza nafika sikioni."